Difu Ipi Hupoteza Nguvu Kidogo? Parafujo na Gia za Koni katika Magari ya Zamani

Watu wengi husema kuwa gari bora ni lile lisilopoteza nguvu njiani kutoka kwenye injini hadi kwenye magurudumu. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Leo nataka kuyapima maneno hayo kwa hesabu, na kipimo changu ni kile kipande cha chuma kinachoning'inia katikati ya ekseli ya nyuma. Mafundi wa kwetu, kwa kuzoea Kifaransa, hukiita ponti. Majirani zetu wa Tanzania hukiita difu. Nitatumia jina la difu kwa kuwa linafahamika na wasomaji wengi zaidi.

Nimechagua magari ya zamani, hasa ya miaka ya 1908 hadi 1927, kwa sababu wakati ule wahandisi walikuwa bado hawajakubaliana juu ya njia moja. Kila kiwanda kilijaribu yake. Kwa hiyo mwanafunzi akiyatazama magari hayo aweza kuziona njia zote zikishindana, na kujua kwa nini moja ilishinda na nyingine ikashindwa.

KAZI YA DIFU

Injini ya gari huzunguka upesi, nayo magurudumu hutakiwa kuzunguka polepole lakini kwa nguvu. Tena mhimili mrefu utokao mbele, yaani kardani, hulala kwa urefu wa gari, hali ekseli hulala kwa upana wake. Basi difu ina kazi mbili kubwa: kuugeuza mwendo upande, na kuupunguza. Gia ndogo iliyo mwisho wa kardani huitwa pinioni. Gia kubwa iliyo katika ekseli huitwa krauni. Pinioni ikiwa na meno 11 na krauni 40, kardani itazunguka mara 3.64 ili magurudumu yazunguke mara moja. Hesabu hiyo ndiyo uwiano wa difu.

Ndani ya krauni mna gia nyingine ndogo ambazo huruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani gari linapokata kona. Hizo ndizo difu kwa maana halisi, na ni uvumbuzi wa Mfaransa Onésiphore Pecqueur wa mwaka 1827, kabla magari ya petroli hayajakuwako. Lakini gari linapokwenda mbele moja kwa moja gia hizo hazisuguani, kwa hiyo hazipotezi kitu. Kinachotuhusu leo ni krauni na pinioni.

Ufanisi wa difu ni nini? Tukiingiza uwezo wa nguvu za farasi 100 upande wa kardani, na magurudumu yakapata 97, basi ufanisi ni 97 katika 100. Zile 3 hazikupotea hewani kama uchawi. Zimegeuka kuwa joto ndani ya difu. Tafadhali msomaji ulishike neno hilo la joto, maana tutalirudia.

NJIA NNE

Njia ya kwanza ilikuwa mnyororo, kama wa baiskeli. Magari mengi ya mwanzo, hata Mercedes maarufu ya mwaka 1901, yalitumia minyororo. Mnyororo safi wenye oili haupotezi nguvu nyingi, labda 2 au 3 katika 100. Ila mnyororo huo ulikuwa wazi, na kila mtu aliyepanda baiskeli katika vumbi letu la kiangazi anajua mwisho wake: hulia, hulegea, na kula meno ya gia.

Njia ya pili ni gia za koni zenye meno yaliyonyooka. Mwaka 1898 kijana wa Kifaransa, Louis Renault, aliunda gari dogo ambalo nguvu yake ilipita katika mhimili hadi ekseli ya nyuma, badala ya mnyororo. Ford Model T, gari lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15, lilikuwa na gia za koni za namna hii. Meno yake hubingirishana zaidi kuliko kuteleza, kwa hiyo ufanisi wake ni mkubwa, yapata 97 hadi 99 katika 100. Kasoro yake ni kelele, kwa sababu kila jino hupokea mzigo wote kwa mara moja, kama nyundo. Mwaka 1913 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia gia za koni zenye meno yaliyopinda, zilizokatwa kwa mashine za Gleason. Meno hayo huingiana polepole, jino moja likishika kabla jingine halijaachia. Kelele ikapungua, na ufanisi ukabaki karibu pale pale.

Njia ya tatu ni parafujo. Hapa badala ya pinioni kuna chuma kilichochongwa nyuzi kama skrubu, nayo krauni ni gurudumu la shaba iliyochanganywa na bati. Kila parafujo inapozunguka, nyuzi zake huyasukuma meno ya gurudumu. Waingereza waliipenda njia hii: kampuni ya Dennis iliitumia katika magari yake makubwa tangu 1904, na mhandisi Frederick Lanchester alifanya kazi kubwa ya kuikamilisha.

Njia ya nne ni haipoidi. Hii ni koni yenye meno yaliyopinda, lakini pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu cha krauni. Packard iliianza mwaka 1926. Kwa kushusha pinioni, kardani nayo ilishuka, na sakafu ya gari ikawa chini. Meno ya haipoidi huteleza kidogo pamoja na kubingirika, kwa hiyo hupoteza zaidi kuliko koni ya kawaida lakini kwa kawaida si sana kama parafujo.

SIRI YA PARAFUJO NI PEMBE

Katika vitabu vingine tunasoma kuwa parafujo ni mpotevu mkubwa wa nguvu, na katika vingine kwamba ni bora. Wote wawili wasema kweli, kwa sababu hawasemi juu ya parafujo moja.

Fikirini njia ya mlimani. Uzi wa parafujo ni njia kama hiyo iliyoviringishwa juu ya kijiti. Ikiwa njia ina mwinamo mdogo sana, jino la gurudumu husuguliwa mwendo mrefu ili lisogee kidogo tu; msuguano ni mwingi, faida ni haba. Ikiwa mwinamo ni mkubwa, jino husogea sana kwa msuguano mchache. Kanuni yake ni hii: ufanisi ni tanjenti ya pembe ya uzi, igawanywe kwa tanjenti ya pembe hiyo ikijumlishwa na pembe ya msuguano. Nimeifanya hesabu kwa hali mbili. Ya kwanza ni oili mbaya (kadiri ya msuguano 0.05), na ya pili ni oili nzuri na mwendo wa kutosha (0.02):

Pembe ya uzi digrii 5: ufanisi 63, na 81.
Pembe ya uzi digrii 20: ufanisi 86, na 94.
Pembe ya uzi digrii 30: ufanisi 89, na 96.
Pembe ya uzi digrii 45: ufanisi 90, na 96.

Twaona mambo mawili. Kwanza, kutoka digrii 5 hadi 30 faida ni kubwa mno, lakini baada ya hapo hakuna faida ya kutajika. Pili, oili huleta tofauti kubwa kama pembe yenyewe. Hayo si hesabu za darasani tu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia parafujo za Lanchester zilipimwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, Uingereza, zikatoa zaidi ya 95 katika 100.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Pembe ikiwa ndogo kuliko pembe ya msuguano, gurudumu haliwezi kabisa kuizungusha parafujo kinyumenyume. Hilo ni jema kwa winchi ya kuinulia mizigo, maana mzigo hauanguki. Kwa gari ni hatari. Dereva anayeshuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura huachia injini ishike gari ili breki zisiungue. Basi yapasa magurudumu yaweze kuizungusha injini. Ndiyo sababu parafujo za magari zina nyuzi kadhaa na pembe kubwa.

FORD MBILI, INJINI MOJA

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo Henry Ford alitufanyia bila kukusudia. Mwaka 1917 kampuni yake ilitoa lori dogo la tani moja, Model TT. Injini yake ilikuwa ile ile ya Model T, ya nguvu za farasi 20. Lakini difu ilikuwa nyingine: Model T lilikuwa na koni ya uwiano 3.64, na Model TT lilikuwa na parafujo ya uwiano 7.25. Kwa nini mtu aliyebana kila senti aliacha difu yenye ufanisi mkubwa akachukua yenye ufanisi mdogo?

Tuyapakie magari yote mawili hadi uzito wote ufike kilo 2,000, kisha tuyapeleke katika barabara itokayo Rumonge kwenda Bururi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya bahari, na kwa hesabu yetu tuchukue kwamba gari litapanda mita 1,100. Nachukua ufanisi wa koni kuwa 98, na wa parafujo kuwa 90, ili nisiipendelee parafujo.

Injini hiyo ilitoa nguvu ya kuzungusha yapata nyutoni-mita 112 ilipofanya kazi vizuri kabisa. Model T, kwa gia yake kubwa na magurudumu yake ya inchi 30, lingeisukuma barabara kwa nyutoni 1,050 hivi. Model TT, kwa magurudumu yake ya nyuma ya inchi 32, lingesukuma kwa nyutoni 1,800. Mwinamo wa mita 6 katika kila mita 100 unahitaji nyutoni 1,176, na mvutano wa barabara ya udongo waongeza kama 390. Jumla ni 1,566.

Basi Model T lenye difu bora lasimama. Model TT lenye difu pungufu lapanda.

Msomaji atasema: Model T litie gia ndogo. Kweli, litapanda, maana gia yake ndogo iliongeza nguvu mara 2.75. Lakini gia ile ilishikwa kwa mkanda uliobana ngoma, na dereva alikanyaga pedali wakati wote wa kupanda. Mguu ukichoka mkanda huteleza, na mkanda ukiteleza huungua. Kuokoa kidogo katika difu na kupoteza kwingi katika mkanda si ubanifu.

Msomaji mwingine atauliza: kwa nini basi Ford hakutumia koni ya uwiano 7.25? Chukua pinioni ya meno 8. Krauni ingehitaji meno 58. Ili meno yawe na unene wa kubeba tani moja, krauni ingekuwa pana kama sinia, na chini ya difu kusingebaki nafasi ya kupita juu ya mawe. Parafujo hupata uwiano huo katika nafasi ndogo. Hicho ndicho Ford alichokinunua kwa zile 8 katika 100.

JOTO HALINA PA KWENDA

Sasa tulirudie neno la joto. Kati ya nguvu za farasi 20, parafujo ya 90 katika 100 hupoteza 2, yaani wati 1,500 hivi. Hizo ni kama pasi moja na nusu za umeme, zimewashwa ndani ya difu. Koni hupoteza nguvu ya farasi 0.4, yapata wati 300. Kwa kupanda mita 1,100 tu, bila kuhesabu mvutano wa barabara, lori letu lingetumia dakika 27. Kama lingekuwa na koni yenye uwiano ule ule, lingetumia dakika 25 hivi. Dakika mbili si kitu. Lakini pasi moja na nusu kwa muda huo wote ni jambo jingine: oili hupata moto, hulegea, msuguano huongezeka, na ufanisi hushuka kutoka safu ile ya pili niliyoandika juu kuelekea safu ya kwanza. Parafujo iliyokosa oili hujiangamiza yenyewe.

Jambo hili halikuishia kwa Ford. Peugeot 403, iliyotengenezwa tangu 1955, na 404, iliyoanza 1960, zilikuwa na difu za parafujo, wakati kampuni nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamia haipoidi. Hakuna awezaye kusema ziliwekwa kwa ujinga. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mbio za 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7 tu.

Ila difu hiyo ilikuwa na sharti lake. Oili ya haipoidi huwekwa dawa za kuzuia meno yasishikane chini ya mgandamizo, na nyingi katika dawa hizo zina kiberiti. Chuma hustahimili. Shaba, ikipata moto, huliwa na kiberiti kikali. Mjomba wangu, aliyejifunza ufundi Buyenzi mjini Bujumbura, hunieleza kuwa wazee waliomfundisha walitunza oili ya Peugeot mbali na oili nyingine, na chombo cha kumiminia kilikuwa chake peke yake. Walipofungua nati ya chini walitazama oili iliyotoka kwenye kiganja juani. Iking'aa manjano, walijua gurudumu la shaba linakwisha. Hawakuwa na maabara, lakini walichokuwa wakikipima ni ufanisi.

FAIDA YAKE KWETU

Mtu aweza kuuliza: haya ya zamani yatufaa nini? Jibu liko barabarani. Toyota Hiace zinazobeba abiria kati ya Bujumbura na Rumonge zina ekseli ya nyuma ya haipoidi. Probox nyingi zaendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Injini imelala upande, kwa hiyo mwendo hauhitaji kugeuzwa, na gia za kawaida hupoteza 1 au 2 tu katika 100. Lori lichukualo mawese kwenda mlimani bado lahitaji uwiano mkubwa, na bado hulipa gharama yake.

Gharama hiyo yahesabika. Gari lenye difu ya 98 likitumia lita 100, gari lile lile lenye difu ya 90 litatumia lita 109 kwa kazi ile ile. Katika miaka kama 2022 hadi 2024, ambapo tuliona foleni ndefu penye vituo vya petroli hapa Burundi, lita 9 si jambo la kudharau. Lakini difu ya haipoidi iliyotiwa oili chakavu, au iliyokazwa vibaya, yaweza nayo kupoteza ambacho isingepoteza ilipokuwa mpya. Kwa hiyo mtu akituambia, "Difu hii ina ufanisi wa 96," tumwulize maswali manne: kwa uwiano gani, kwa mzigo gani, kwa oili gani, na ikiwa na moto au baridi? Asipojibu, hajatuambia kitu.

Kwa barabara ya ziwani, iliyo tambarare kutoka Bujumbura kupita Rumonge hadi Nyanza-Lac, koni hushinda, kwa kuwa gari halihitaji uwiano mkubwa na kila tone lina thamani. Kwa barabara ya mlimani, ya kwanza kuangaliwa ni uwiano, kisha ufanisi, kisha oili. Ndiyo hukumu yangu, na walio na hoja nyingine waiandikie magazeti yetu.

MAZOEZI KWA MADARASA YA CHINI

1. Tafuta uwiano wa difu bila kuifungua. Mwombe dereva ruhusa, na fundi mkubwa awe karibu. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au magogo pande zote mbili, gia iwe huru, na breki ya mkono iachiwe. Inueni gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuweka kigogo imara chini ya ekseli. Tieni alama ya chokaa kwenye gurudumu na kwenye kardani. Zungusheni gurudumu mara mbili kamili, na mhesabu mizunguko ya kardani. Hesabu hiyo ndiyo uwiano. Kwa nini mara mbili na si mara moja? (Kumbukeni gurudumu la pili limesimama, na kazi ya gia za Pecqueur.)

2. Parafujo ina uzi wenye pembe ya digrii 10, na kadiri ya msuguano ni 0.05. Tafuta ufanisi wake. Je, magurudumu yataweza kuizungusha injini gari likishuka mlima?

3. Lori lina difu ya ufanisi wa 94 katika 100, nayo injini yatoa nguvu za farasi 80. Ni wati ngapi zinazogeuka kuwa joto ndani ya difu? Chukua nguvu ya farasi moja kuwa wati 746.

Kaka zetu mlio madereva na mafundi, mkiisha kufika na mzigo wenu juu mlimani, gari likiwa limesimama, isogezeni mikono karibu na difu bila kuigusa kwanza. Mkilinganisha joto la safari ya leo na la mwezi uliopita kwa mzigo ule ule, mtajua habari za oili yenu kabla meno hayajaanza kulia.